Kava gani linafaa kwa gari linalolala ndani? Naombeni ushauri kabla sijanunua la pili

Kibandani (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nina gari ambalo siku hizi linakaa zaidi kuliko linavyotembea. Linalala ndani ya banda la tofali lenye bati juu, mlango wa chuma na sakafu ya zege. Jua haligusi, mvua haigusi. Nikanunua kava zito, lile la nailoni lenye rangi ya fedha kwa nje, kwa kuwa muuzaji alinihakikishia halipitishi hata tone. Nikalifunika gari, nikakaza mikanda chini, nikaondoka na amani moyoni.

Jana, baada ya wiki sita, nimelifunua. Boneti imejaa matone madogo madogo kama kioo cha bafuni mtu akimaliza kuoga maji ya moto. Juu ya paa kuna madoa meupe ya mviringo ambayo hayatoki kwa kitambaa. Mipira ya milango imeota ukungu, na nati za waipa zimeanza kushika kutu. Ukifungua mlango unakaribishwa na harufu ya godoro lililolowa. Paa la banda nimelikagua bati kwa bati, halivuji popote.

Sasa naomba mnielekeze. Nitafute kava zito zaidi ya hili? Nitandike shuka? Au niliache wazi? Gari hili nalipenda na nataka nilitunze miaka mingi, kwa hiyo msinifiche kitu.

FundiWaRangi

Pole sana mkuu. Kazi yangu ni kupiga rangi magari, na nimeshaletewa magari kadhaa yenye madoa kama hayo yako. Maji hayo hayakutoka juu. Yalikuwa hewani humo humo bandani na kwenye sakafu, kava lako likayafungia.

Iko hivi. Hewa hubeba mvuke, na ikigusa kitu cha baridi mvuke hugeuka maji. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 80, bati likipoa hadi nyuzi 21 tu tayari linatoa jasho. Bodi ya gari ni chuma. Usiku hupoa, asubuhi hewa inapata joto upesi lakini chuma kinachelewa, ndipo matone yanapojitokeza. Gari lililo wazi hukauka lenyewe saa chache baadaye. Gari lililofungiwa ndani ya nailoni halina pa kupumulia, maji yanashinda juu ya rangi mchana kutwa, na kesho yanaongezeka mengine. Umefanya hivyo wiki sita.

Kava zito lisilopitisha maji limetengenezwa kwa ajili ya gari linalolala nje kwenye mvua. Ndani ya banda hakuna mvua ya kuzuia. Unachokihitaji ni kitambaa laini kinachopumua, basi.

Kuhusu yale madoa meupe: usikimbilie msasa wala polishi kali. Liache gari wazi mahali pakavu siku kadhaa, litoe unyevu. Weupe unaotokana na unyevu ulionaswa kwenye klia, lile tabaka angavu la juu ya rangi, mara nyingi hupungua wenyewe. Utakaobaki ndio wa kushughulikia kwa polishi laini.

Msafiri_K

Mimi natumia mashuka mawili ya zamani, nayaunganisha kwa pini katikati. Yanapumua vizuri tu na sijawahi kuona tone. Kwa nini mtu anunue kava?

MtunzaKale

Mkuu Msafiri, kwenye kupumua uko sawa, shuka linapumua kuliko makava mengi. Shida yake ni mbili. Liinue shuka lako mbele ya dirisha uone jinsi mwanga unavyopenya kwenye nyuzi. Vumbi laini linapita hapo hapo. Linatua juu ya rangi, halafu shuka linakaa juu ya vumbi. Siku unapolivuta kulitoa, umesugua gari zima kwa mchanga.

La pili ni hizo pini. Zitoe leo leo, nakuomba. Shuka likiteleza kidogo tu pini inachora mstari kwenye paa.

Nina gari la zamani ambalo rangi yake ni ile ile ya kiwandani, kwa hiyo jambo la mikwaruzo linaniuma sana. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, wakati unywele wa mtu ni kama maikroni 70. Maana yake kile kinachong'aa juu ya gari lako ni chembamba kuliko unywele, na kila unapong'arisha mikwaruzo unapunguza hicho hicho. Hakiongezeki tena mpaka gari lirudi kwa fundi. Ndiyo maana namwambia kila mtu aanze kulitazama kava kwa upande wa ndani, ule unaolala juu ya rangi. Upande wa nje ni wa kumpendeza jirani.

Kibandani (mleta uzi)

Nimewaelewa, asanteni. Sasa mtu akiwa dukani, au kava limeshafika nyumbani na bado linaweza kurudishwa, atajuaje kama linapumua? Maneno ya kwenye boksi yote yanasema linapumua, hata lile langu la nailoni lilisema hivyo.

FundiWaRangi

Boksi usilisikilize. Kuna jaribio la jikoni ambalo halidanganyi.

Chukua kikombe, mimina maji ya moto yanayotoa mvuke, nusu kikombe inatosha. Tandaza pembe ya kava juu ya mdomo wa kikombe, uivute iwe bapa. Halafu funika na glasi kavu ya baridi, kichwa chini, juu ya kitambaa. Subiri dakika moja au mbili. Glasi ikifanya ukungu kwa ndani, mvuke umepenya na kava linapumua. Glasi ikibaki safi, geuza kitambaa utazame upande uliokuwa juu ya kikombe: utakuta umelowa. Huo ndio unyevu ambao ungekaa juu ya boneti yako.

Jingine, bana kitambaa mdomoni upulize. Hewa ipite kwa kusita kidogo. Ikipita kama hakuna kitu, na vumbi litapita. Isipopita kabisa, achana nalo.

DadaDereva

Naomba nitofautiane kidogo na wakaka hapo juu. Mimi gari langu linalala ndani pia, lakini naliendesha kila siku. Nilikuwa na kava zuri sana, laini, la kunyumbulika. Miezi michache baadaye nikaanza kuona mikwaruzo ya duaradufu kwenye milango na kwenye buti, inaonekana ukimulika tochi. Sikuwa napita kwenye vichaka wala kuoshewa na mtu mwingine. Nilikuwa nalifunika kila jioni gari lenye vumbi la barabarani, na kulifunua kila asubuhi.

Kwa hiyo kwa mtu anayetumia gari kila siku, ushauri wangu ni liache wazi. Vumbi la usiku mmoja lipulize au lioshe kwa maji mengi. Kava ni la gari linalopumzika.

MtunzaKale

Dada, hatutofautiani hata kidogo. Umesema jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza kwenye uzi huu. Hakuna kitambaa, hata kiwe laini namna gani, kitakachookoa rangi ikiwa kati yake na rangi kuna mchanga. Gari lioshwe, likaushwe mpaka kwenye mianya ya milango, chini ya vioo vya pembeni na nyuma ya namba, ndipo lifunikwe. Na eksozi ipoe kwanza. Poliesta ikigusa bomba la moto inayeyuka na kuganda juu yake.

Mwenye rangi isiyong'aa, ile ya vumbivumbi, au aliyevisha gari lake stika mwili mzima, awe mwangalifu mara mbili. Rangi hiyo haing'arishwi. Mkwaruzo ukiingia umeingia.

Kibandani (mleta uzi)

Sawa. Kitambaa chenyewe sasa. Naona kuna la pamba lenye manyoya mafupi ndani, kuna la poliesta la kunyumbulika linalobana gari kama soksi, na kuna lile jepesi kama karatasi nene linalouzwa bei ya chini. Lipi?

FundiWaRangi

Lile la karatasi nene limetengenezwa kwa nyuzi za plastiki zilizogandishwa pamoja bila kufumwa. Linapumua, hilo silikatai. Lakini lile lisilo na bitana ya ndani ni kavu, lina ukali fulani. Lipitishe kwenye upande unaong'aa wa CD ya zamani, usugue mara kumi, kisha uigeuze kwenye mwanga. Ukiona mistari, usiliweke kwenye gari unalolipenda. Jaribio hilo hilo lifanye kwa kava lolote, pamoja na mishono yake. Watu wengi wanapapasa kitambaa na kusahau uzi wa mshono, na mshono wa nailoni mgumu unaopita katikati ya paa unafanya kazi kama kijisumeno.

Pamba ya manyoya ndiyo laini kuliko yote na mimi naipenda. Ila ina tabia ya kunywa maji na kuchelewa kukauka. Banda likiwa kavu, chukua pamba bila kusita. Banda likiwa na unyevu kama hilo lako, pamba itakaa imelowa juu ya gari, na kama imetiwa rangi kali inaweza hata kuchuja. Lowesha kitambaa cheupe, bana na pembe ya kava usiku mzima, uone kama kitabadilika.

La kunyumbulika ni zuri na linapendeza, mtu anaona umbo la gari lote. Kwa upande wangu lina kasoro moja: ili liingie lazima ulivute kwa nguvu, na kuvuta ndiko kunakosugua. Gari lenye antena ndefu au bawa nyuma linateseka. Kwa banda lako ningechagua poliesta nyepesi iliyofumwa, yenye bitana ya manyoya laini ndani. Hainywi maji, inapumua, na inakauka upesi.

Lakini kabla hujatoa hela, pima sakafu. Kata kipande cha nailoni angavu cha sentimita 45 kwa 45 hivi, kilaze kwenye zege pale gari linapokaa, uzibe pande zote nne kwa utepe bila kuacha upenyo. Kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone chini ya nailoni au zege limekuwa jeusi, sakafu yako inatoa maji kutoka ardhini.

Kibandani (mleta uzi)

Nimefanya kama ulivyosema, mkuu. Nimeziba jana saa moja jioni, leo saa nne asubuhi nimekwenda kutazama. Nailoni imejaa matone kwa chini, nimeifuta kwa kidole kidole kikalowa. Nilipoibandua, pale chini zege ni jeusi kama limemwagiwa maji, na kuzunguka ni jeupe. Miaka yote hii nimekuwa nikitazama juu kwenye bati!

FundiWaRangi

Umempata mwizi. Tandika nailoni nene chini ya gari, ienee urefu wote na izidi kidogo pembeni, gari lipande juu yake. Haikaushi ardhi lakini inauzuia mvuke usipande moja kwa moja kwenye chasisi. Kisha toboa matundu ya hewa, moja chini upande mmoja na jingine juu upande wa pili, yawekwe wavu mwembamba. Siku za ukavu fungua mlango hewa ipite. Siku ya ukungu na manyunyu uache umefungwa, kwa sababu ukiingiza hewa yenye mvuke kwenye banda lenye chuma cha baridi unarudi kule kule.

Kipima unyevu kidogo cha kutundika ukutani kinasaidia sana. Chuma huanza kushika kutu kwa kasi unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi. Ukikaa karibu na 50 uko salama, na ngozi za viti pamoja na mipira haitakauka kupita kiasi.

Msafiri_K

Pini nimeshazitoa, MtunzaKale. Na kweli, nimemulika tochi nikakuta mistari miwili pale katikati. Asante kwa kunishtua.

Swali langu: mimi nina paka. Anapanda kwenye boneti kila usiku maana pana joto. Kava laini linasaidia?

MtunzaKale

Linasaidia kiasi. Kucha za paka anapotua hupenya kitambaa chembamba, na lile la kunyumbulika ndilo hupenywa kirahisi zaidi. Tafuta lenye bitana nene, na juu ya boneti ongeza blanketi safi, chini ya kava. Paka huja kwa ajili ya joto la injini, kwa hiyo gari likiwa limepoa wengi huacha. Usitumie vitu vyenye harufu kali kumfukuza, vingine vinaharibu rangi.

Panya ndio wa kuogopa zaidi. Kava haliwazuii. Linawapa giza na utulivu, nao wanapenda nyaya. Kila wiki fungua boneti utazame kama kuna nyasi, vipande vya sponji au vinyesi. Acha pindo la kava lisifike sakafuni kabisa, vidole vinne juu ya zege panatosha. Hewa itapita chini na wewe utaona kilichopo.

DadaDereva

Naongeza la saizi, maana hapo nilikosea. Pima gari lako kutoka bampa hadi bampa kwa futi kamba, uandike namba. Usinunue kwa kukadiria eti "saluni ya kati". Kava lililozidi linaburuzika, unalikanyaga, linaokota mchanga wa sakafuni halafu unaupandisha kwenye gari. Lililopungua linavutika kwenye kona za bampa, na hapo ndipo rangi inapolika. Lenye mifuko ya vioo vya pembeni ni bora kwa sababu linakaa mahali pake. Mikanda ya chini na ndoano za chuma hazina kazi ndani ya banda, hakuna upepo. Mimi nilizikata.

Na tafadhali, kama banda ni stoo pia, usipange maboksi juu ya gari kwa kuwa limefunikwa. Nimewahi kuona baiskeli imeegemezwa kwenye kava. Usukani uliacha shimo mlangoni.

Jioni_Njema

Nimefuatilia kimya kimya. Gari langu limetoka kupigwa rangi upya wiki iliyopita. Naweza kulifunika?

FundiWaRangi

Bado, ndugu. Rangi mpya inaendelea kutoa mvuke wa dawa zake hata kama ukiigusa ni kavu. Muulize fundi aliyeipiga ametumia rangi gani. Wengi wetu tunataka angalau siku 30 zipite, rangi nyingine hata 90. Ukifunika mapema, alama za kitambaa zinaweza kubaki zimechapwa kwenye klia. Liache wazi bandani, na kwenye banda hilo mtu asichomelee wala kukata chuma. Cheche za chuma zinatua kwenye rangi mbichi, zinazama, baadaye unaona vidoa vya kutu na unadhani rangi ni mbovu.

Kibandani (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi na mrejesho.

Nimepata la poliesta lenye manyoya ndani. Jaribio la kikombe limefaulu, glasi ilifanya ukungu ndani ya dakika moja. Lile la fedha nimelijaribu pia kwa kulinganisha: glasi kavu kabisa, na kitambaa kwa chini kimelowa chapachapa. Nilisimama pale nikiitazama ile glasi nikalihurumia gari langu.

Nimeliosha, nikalikausha, nikalizungusha barabarani kidogo ili breki na mianya ikauke, nikaliacha wazi usiku mmoja. Nailoni iko chini, matundu mawili nimetoboa. Magurudumu nimeyawekea vigingi, handibreki nimeiachia isigande. Madoa meupe ya paani yamefifia karibu yote, yamebaki mawili.

Nahitaji msaada kwenye kufunika. Jana nilikuwa peke yangu, kava likanianguka sakafuni mara mbili.

MtunzaKale

Siri iko kwenye kulikunja wakati wa kulitoa. Toa lastiki ya mbele na ya nyuma. Chukua pindo la upande wa kushoto ulipandishe juu ya paa hadi katikati, kisha upande wa kulia vivyo hivyo, ubaki na ukanda mrefu mwembamba unaopita juu ya gari kutoka bampa hadi bampa. Upande wa nje unagusana na upande wa nje. Sasa anza kuviringisha kutoka mbele kwenda nyuma kama mkeka, ukiinua badala ya kuburuza. Utamalizia nyuma.

Siku ya kufunika unauweka mviringo juu ya buti, unauviringua kwenda mbele, halafu unashusha pande mbili. Mtu mmoja anaweza, na kava haligusi sakafu. Likianguka hata mara moja, likung'ute nje kabla halijarudi kwenye gari. Ukitaka kulifua, tumia sabuni kidogo na maji ya uvuguvugu, usiweke ile dawa ya kulainisha nguo, na ulianike kivulini mpaka likauke hadi kwenye lastiki.

Kibandani (mleta uzi)

Wiki tatu zimepita, leo nimelifunua. Nimeviringisha kama ulivyoelekeza, na nimeshona uzi mwekundu kwenye pindo la mbele ili nisikosee upande. Boneti kavu. Nimefuta kioo cha mbele kwa kitambaa cheupe, kimetoka na kivuli cha vumbi tu. Kipima unyevu kinasoma 54. Harufu ya godoro imeisha.

FundiWaRangi

Vizuri sana mkuu. Umepitisha mkono chini ya bampa la nyuma, pale lastiki inapokunjika mara mbili? Hapo ndipo kava huficha unyevu wa mwisho.

Kibandani (mleta uzi)

Nimetoka kupitisha sasa hivi. Pakavu.